Hansi Flick: inakuwaje mtu abebe makombe sita Bayern halafu timu ya taifa imtimue?

Kila Barca ya kocha Hansi Flick ikifungwa lile goli la fowadi kukimbia peke yake mpaka kwa kipa, magrupu yanawaka moto. Mmoja anaandika huyu mzee hajui kukaba, mwingine anauliza nani kawaambia mabeki wakae katikati ya uwanja, wa tatu analia mkeka wake umechanika. Wiki inayofuata Barca inampiga mtu nne na wale wale wanarudi kuandika Flick jiniasi. Hapo katikati lazima atokee wa kukumbushia kwamba Ujerumani walimfukuza, na mwingine wa kusema kule Bayern Munich alibebwa tu na kikosi, kwani huyu alikuwa nani kabla ya 2019 kama sio msaidizi wa kubeba koni?

Nimeona niandike maana maswali haya yanaulizwa kama vile ni manne tofauti, wakati mimi naona jibu lake linakaribia kuwa moja. Mpira anaofundisha Flick ni mpira wa kufanyishwa mazoezi kila siku. Ukimpa kila siku unaona maajabu, ukimpa siku nne kila baada ya miezi miwili unaona vituko. Ila ili hilo liingie kichwani inabidi tuelewane kwanza kwenye maneno mawili matatu, halafu tuipitie safari yake ambayo wengi wanaijua kuanzia katikati.

Tuanze na kuotea, kwa sababu nusu ya ubishi wa Barca upo hapo. Mchezaji yuko kwenye nafasi ya kuotea kama pale mwenzake anapogusa mpira kumpasia, yeye yuko nusu ya wapinzani na yuko karibu na mstari wa goli kuliko mpira na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho mara nyingi ni kipa, kwa hiyo huyo wa pili ndio beki aliyebaki nyuma kuliko wenzake. Mikono haihesabiwi. Kinachoangaliwa ni sekunde ile pasi inapopigwa, sio pale fowadi anapoupokea mpira, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa chenga na macho yao, unamuona jamaa yuko mbele ya mabeki mita tano unapiga kelele kaotea, kumbe pasi ilivyotoka alikuwa sawa nao. Akiwa nusu yake mwenyewe haotei hata wabaki yeye na kipa tu. Na ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye kona, mpira wa kurusha au golikiki, hakuna kuotea.

Sasa laini ya juu ni pale mabeki wanaposimama mbali na goli lao, wakati mwingine karibu kabisa na mstari wa katikati. Mtego wa kuotea ni kitu kingine, ni kile kitendo cha mabeki wote kupiga hatua mbele kwa pamoja kabla pasi haijatoka ili fowadi abaki peke yake nyuma yao. Unaweza kuwa na laini ya juu bila mtego. Flick anavitumia vyote viwili, tena kwa pamoja, ndio maana roho zinawatoka mashabiki.

Wale waliokulia pwani wameona watu wanavyovuta juya. Kamba mbili, watu upande huu na watu upande ule, wanavuta kwa mpigo mmoja. Upande mmoja ukilegea kidogo tu samaki wanatoka wote, na haijalishi wengine walivuta kwa nguvu kiasi gani. Laini ya Flick ndio hivyo hivyo, watatu wakipanda na mmoja akabaki hatua moja nyuma, fowadi hajaotea tena, na mbele yake kuna mita arobaini za nyasi tupu na kipa mmoja mwenye wasiwasi.

Kuna jambo la tatu ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote na halisemwi vijiweni, nalo ni presha kwenye mpira. Mabeki wanaweza kupanda pale tu mpinzani mwenye mpira anaposumbuliwa. Akiwa na beki wa Barca au kiungo puani, hana muda wa kunyanyua kichwa akapima pasi ndefu, anaipiga mapema au anaipiga vibaya. Akiachwa huru kwa sekunde mbili, laini yoyote ya juu duniani imekwisha. Kwa hiyo ukiona beki wa kati ameachwa mbio, kabla hujamtukana rudisha video nyuma kidogo, uangalie winga na kiungo walikuwa wapi pasi ilipopigwa. Mara nyingi mwenye kosa hayumo kabisa kwenye picha ya goli.

Haya, sasa twende kwa mwenyewe. Hans-Dieter Flick alizaliwa Heidelberg tarehe 24 Februari 1965, akakulia kwenye kijiji kinaitwa Mückenloch, akachezea timu za huko huko mpaka akafika SV Sandhausen. Mwaka 1985 Bayern wakamchukua. Hapa naomba wale wanaosema "hakuwa mchezaji" wasikilize: alikaa Bayern miaka mitano, alicheza mechi 104 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, akabeba ubingwa wa ligi mara nne (1986, 1987, 1989 na 1990) na kombe la DFB, yaani la chama cha soka cha Ujerumani, mwaka 1986. Alikuwa kiungo wa kazi, yule mtu wa kukimbia, kukaba na kuwaachia wenye majina kama Lothar Matthäus wapige picha. Mabao matano tu kwenye ligi, sio mtu wa kuwekwa kwenye bango ukutani.

Tena alianza kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya (siku hizi Ligi ya Mabingwa) 1987 kule Vienna dhidi ya Porto. Bayern walitangulia, mechi ikaenda hadi dakika ya 77 wakiwa mbele, ndipo Rabah Madjer wa Algeria akafunga lile goli la kisigino ambalo mpaka leo ukipiga la namna ile wanaliita kwa jina lake, dakika chache baadaye Juary akaongeza la pili. 2-1. Flick alikuwa ndani ya uwanja wakati Mwafrika anaandika historia, na kombe lile ilibidi alisubiri miaka 33.

1990 akahamia 1. FC Köln, majeraha yakamwandama, na 1993 mpira wa kulipwa ukawa umekwisha akiwa na miaka 28. Timu ya taifa ya wakubwa hakuichezea hata mechi moja. Hapo ndipo panapoleta ile dhana kwamba hakuwa mtu wa maana, kwa sababu sisi tumezoea kocha mkubwa awe na jina kubwa la uchezaji, Guardiola, Ancelotti, Zidane. Flick alirudi kwao, akafungua duka la vifaa vya michezo pale Bammental, na akawa anafundisha timu ya hapo hapo, Victoria Bammental, kuanzia 1996. Timu ya mtaani kabisa.

Mwaka 2000 akachukuliwa na Hoffenheim. Wengi mkisikia Hoffenheim mnaiwaza ya Bundesliga, ila wakati ule ilikuwa timu ya madaraja ya chini yenye tajiri nyuma yake, Dietmar Hopp, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SAP. Msimu wa kwanza tu Flick akaipandisha daraja la tatu. Halafu pakagoma. Misimu minne haipandi. Alipata furaha moja kubwa ya kombe la DFB msimu wa 2003/04 walipomtoa Bayer Leverkusen na kufika robo fainali, lakini ligi ilikwama, na Novemba 2005 kibarua kikaota nyasi. Aliyekuja baadaye, Ralf Rangnick, akaifikisha Bundesliga mwaka 2008. Sasa fikiria mtu ana miaka 40, kazi pekee kubwa aliyofanya imeishia daraja la tatu. Ungesema huyu atabeba Ligi ya Mabingwa?

Akaenda Salzburg 2006, kwenye benchi la ufundi la Giovanni Trapattoni akiwa na Matthäus yule yule wa Bayern, hata mwaka haukuisha Joachim Löw akampigia simu. Kuanzia Agosti 2006 akawa msaidizi wa Löw timu ya taifa ya Ujerumani, na akakaa hapo miaka minane.

Tupumzike kidogo kwenye hilo neno msaidizi, maana linawachanganya watu. Kuna msaidizi wa kupanga koni kweli, wapo. Ila kwenye mabenchi makubwa msaidizi ni mtu mwenye idara yake: anaandaa mazoezi, anachambua mpinzani, anakaa na wachezaji ambao kocha mkuu hana muda nao. Kwa Flick kuna mifano miwili ninayoipenda. Wa kwanza ni Euro 2008, robo fainali dhidi ya Ureno pale Basel. Löw alikuwa amefungiwa baada ya kutolewa kwenye mechi na Austria, akawekwa jukwaani nyuma ya kioo, aliyesimama pale chini kuongoza timu ni Flick, na Ujerumani ikashinda 3-2. Msaidizi wa koni huyo.

Wa pili ni Kombe la Dunia 2014. Löw hakuwa mtu wa kuhangaika na mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, alikuwa anaona ni kupoteza muda wa mazoezi. Flick ndiye aliyeibeba hiyo hoja na kuisimamia. Mtakumbuka lile tukio la kuchekesha kwenye mechi na Algeria, Thomas Müller anaanza kukimbia kwenye faulo halafu anaanguka kama kajikwaa, dunia nzima ikacheka. Ulikuwa mpango, ulibuma tu. Ila angalia mengine: beki Hummels alifunga kwa kichwa kwenye mechi na Ureno mpira ukitoka kwenye kona, robo fainali akamfunga Ufaransa kwa kichwa tena kwenye faulo, na ile 7-1 ya Brazil goli la kwanza la Müller lilitokana na kona. Kombe likachukuliwa, na watu wakamkumbuka Löw na Götze aliyefunga goli la fainali. Ndivyo ilivyo kazi ya msaidizi.

Baada ya hapo akawa mkurugenzi wa michezo wa chama cha soka Ujerumani, DFB, mpaka Januari 2017, halafu akawa bosi wa upande wa michezo Hoffenheim kwa muda mfupi, akaondoka mapema 2018. Mkurugenzi wa michezo sio kocha, huyu anapanga mifumo, anaajiri, anakaa ofisini, hapangi kikosi cha Jumamosi. Kwa hiyo Flick alivyoingia Bayern Julai 2019 kama msaidizi wa Niko Kovač, alikuwa hajawa kocha mkuu wa timu yoyote kwa karibu miaka 14. Hapo ndio ile dhana ya "katokea wapi" ilipozaliwa, na mimi siwalaumu walioshangaa.

Tarehe 2 Novemba 2019 Bayern wakapigwa 5-1 na Frankfurt, Jérôme Boateng kadi nyekundu mapema kabisa. Kesho yake Kovač akaondoka, na Flick akapewa timu kama kocha wa muda. Kocha wa muda ni mtu wa kushikilia usukani wakati uongozi unatafuta mwenye kazi, hakuna anayemtegemea abadilishe kitu. Huyu alibadilisha kila kitu. Alaba akabaki katikati ya ulinzi, Alphonso Davies ambaye ni winga akatulizwa beki ya kushoto, Kimmich akarudi kuwa kiungo, Müller aliyekuwa anasugua benchi akawa roho ya timu. Na mabeki wakapanda juu, juu kabisa, na nyuma yao kipa Manuel Neuer akicheza kama beki wa tano. Kwa nini Davies? Kwa sababu laini ikivunjika unahitaji mtu mmoja mwenye mbio za kumfukuza yeyote, na yule dogo alikuwa nazo.

Desemba wakamwambia endelea mpaka mwisho wa msimu, Aprili 2020 wakampa mkataba wa kudumu. Bundesliga ikawa imesimama kwa korona, iliporudi tarehe 16 Mei Bayern hawakupoteza wala kutoa sare mechi hata moja mpaka wanabeba Ligi ya Mabingwa mwezi Agosti. Zote wakashinda. Na katikati ya hizo ipo ile ya tarehe 14 Agosti 2020 kule Lisbon, 8-2, timu iliyopigwa ikiwa Barcelona ya Messi, Suárez, Piqué na Busquets. Coutinho aliyekuwa mali ya Barca kwa mkopo Bayern akatokea benchi akawafunga mbili wenye mali. Siku tisa baadaye Coman akaifunga PSG kwa kichwa, 1-0, na Flick akalishika lile kombe la Vienna.

Makombe sita ni haya, maana watu wanayataja bila kuyajua: Bundesliga, kombe la DFB, Ligi ya Mabingwa, Super Cup ya Ulaya, Super Cup ya Ujerumani, na Klabu Bingwa ya Dunia Februari 2021 kule Qatar ambako nusu fainali waliwatoa Al Ahly ya Misri 2-0, wakati ule ikiwa chini ya Pitso Mosimane. Barcelona ya 2009 ndiyo iliyokuwa imefanya hivyo kabla yao.

Halafu ule uongo unaorudiwa sana: Bayern walimfukuza. Hapana. Mwenyewe ndiye aliyetangaza Aprili 2021 kwamba anataka kuondoka, mkataba ukiwa bado upo mpaka 2023, baada ya kutoelewana kwa muda mrefu na mkurugenzi wa michezo Hasan Salihamidžić kuhusu nani anunuliwe na nani aachwe. Aliondoka na ubingwa wa ligi wa pili mkononi. Ukweli ni kwamba msimu ule wa pili laini ilishaanza kusomwa, walikuwa wanafungwa magoli mengi kuliko kawaida, na kwenye kombe la DFB walitolewa na Holstein Kiel ya daraja la pili. Hilo mashabiki wa Flick huwa wanaliruka.

Sasa Ujerumani. Alianza kazi Agosti 2021 baada ya Löw, na mechi nane za kwanza alishinda zote nane, hakuna kocha wa Ujerumani aliyewahi kuanza hivyo. Lakini wapinzani wenyewe walikuwa kina Liechtenstein, Armenia na wenzao. Walipoanza kukutana na wakubwa sare zikafuatana. Halafu ikaja Qatar 2022.

Hapa ndipo hoja yangu inapokaa vizuri, kwa hiyo tuende taratibu. Kombe lile lilichezwa Novemba, katikati ya msimu. Wiki ya mwisho ya Bundesliga iliisha tarehe 13 Novemba, Ujerumani wakaenda kambi fupi Oman, pale Muscat wakacheza na wenyeji wakashinda 1-0 kwa tabu, goli la Füllkrug, na tarehe 23 wakakutana na Japani. Siku kumi. Klabu inapata zaidi ya mwezi wa maandalizi kabla ya msimu halafu mazoezi kila siku kwa miezi kumi. Kocha wa taifa kwa kawaida anawapata wachezaji Jumatatu, wengine wamechoka, wengine wana maumivu, Alhamisi au Ijumaa mechi, baada ya siku tatu nne mechi nyingine, kwaheri tuonane mwezi wa tatu.

Kuna watu wananiambia lakini timu ilijaa Bayern bwana, si wanamjua? Kweli, viungo na mafowadi wengi walikuwa wa Bayern. Angalia mabeki wanne walioanza na Japani: Süle na Schlotterbeck wa Dortmund, Rüdiger wa Real Madrid, Raum wa Leipzig. Klabu tatu, makocha watatu, kila mmoja amezoea kupanda na kushuka kwa saa yake. Ujerumani wakatangulia kwa penalti ya Gündoğan, wakakosa nafasi kibao za kumaliza mechi, Doan wa Japani akasawazisha. Dakika ya 83 Japani wanapiga faulo ndefu kutoka nyuma. Wenzake wanapanda, Süle amebaki nyuma upande wa kulia hatua chache, na kwa kubaki kule fowadi wa Japani, Asano, hajaotea. Akaushusha kwa mguu mmoja, Schlotterbeck anamfukuza, akampiga Neuer kwenye pembe finyu. 2-1. Ukitaka kumfundisha mtu laini ya juu inavyokufa, mwonyeshe goli hilo tu halafu nyamaza.

Sare na Hispania 1-1, wakamfunga Costa Rica 4-2, haikusaidia, wakatoka makundi. Mwaka 2023 ukawa mbaya zaidi, wakapoteza kwa Ubelgiji, Poland, Colombia, na tarehe 9 Septemba Japani wakawafuata mpaka Wolfsburg wakawapiga 4-1. Kesho yake DFB wakamtimua, na alikuwa kocha wa kwanza wa timu ya taifa ya Ujerumani kufukuzwa kazi katika historia yote ya chama hicho. Waliotangulia waliondoka kwa kujiuzulu au mkataba kuisha. Kibaya zaidi kwake, siku hizo hizo kulikuwa na filamu ya runinga imetoka ikionyesha kambi ya Qatar, ambamo anaonekana akiwaonyesha wachezaji video ya mabata bukini wanavyoruka kwa mpangilio ili wajifunze umoja. Wajerumani walicheka mpaka machozi. Kocha akishinda yale mabata yangekuwa falsafa, akishindwa ni kichekesho, ndio dunia.

Sisemi hana kosa. Muda haukumlazimisha kubadilisha kikosi na mfumo kila mechi mwaka ule 2023, wala haukumlazimisha aende Qatar bila kumwamini namba tisa wa kweli. Na kocha mwingine angejiuliza kama mpira huu unafaa kwa siku nne za mazoezi, akashusha laini mita kumi akalala. Yeye hakutaka. Ubishi ule ule uliompa makombe sita ndio uliomtoa Ujerumani, huwezi ukachukua nusu.

Mei 2024 Barca wakampa kazi ya Xavi, klabu isiyo na hela, sajili kubwa ikiwa Dani Olmo peke yake. Lakini walimpa kitu ambacho DFB wasingeweza kumpa, yaani kila siku asubuhi. Beki wa kati mmoja Pau Cubarsí, mtoto wa miaka 17, mwingine Iñigo Martínez mwenye miaka 33, wala hakuna mwenye mbio za Davies. Ikawezekana kwa sababu Iñigo ndiye alikuwa anatoa amri ya lini wapande, anasoma mguu wa mpigaji, na wote wanamfuata. Tarehe 26 Oktoba 2024 pale Bernabéu Real Madrid wakaotea mara 12, Mbappé peke yake mara nane, Barca wakashinda 4-0. Msimu ule wakamfunga Madrid mara nne kwenye mechi nne, wakabeba La Liga, Copa del Rey na Supercopa.

Dhana moja ya msimu ule ni kwamba laini inaokolewa na VAR, wale waamuzi wa video. Kiasi fulani ni kweli, La Liga walianza msimu huo huo kutumia mashine ya kupima kuotea, kwa hiyo kidole cha mguu kinaonekana na mshika kibendera hakosei kwa kubahatisha. Lakini kuna kitu kinachowatisha watazamaji bure. Siku hizi washika vibendera wanaambiwa wasubiri shambulizi liishe ndipo wanyanyue, ili wasilikate goli halali. Kwa hiyo wewe nyumbani unamuona fowadi kaenda peke yake, kafunga, kashangilia, presha imekupanda, halafu bendera juu. Unabaki na picha kwamba Barca walipona kwenye tundu la sindano, wakati mtego ulishafanya kazi sekunde kumi zilizopita. Goli kama lile halikuwahi kuwepo.

Dhana nyingine ni kwamba Inter Milan waliwatoa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kwa sababu ya laini. Nimeirudia ile mechi ya kwanza, 3-3. Magoli mawili kati ya matatu ya Inter yalianzia kwenye kona, Dumfries yote mawili. Hapo hakuna laini ya juu wala mtego, ni kuzidiwa hewani tu, na ni kejeli kidogo ukikumbuka nani alikuwa bingwa wa mipira iliyokufa 2014. Ya pili San Siro Barca walikuwa mbele 3-2 mpaka dakika za nyongeza, beki mzee Acerbi akaenda mbele kama fowadi akasawazisha, Frattesi akamaliza kwenye muda wa ziada, 4-3.

Palipoonyesha udhaifu wa laini yenyewe ni mwanzo wa msimu wa 2025/26. Agosti Iñigo Martínez akaondoka kwenda Al-Nassr na yule mtoa amri hakupatikana haraka. Mwezi uliofuata Raphinha, ambaye ndiye anayeanzisha presha kule mbele, akaumia. Ukiondoa mtu wa kusumbua mpigaji na ukaondoa mtu wa kusema "pandeni", unabaki na mabeki wanne waliosimama katikati ya uwanja bila sababu. Sevilla wakapiga 4-1, Club Brugge wakatoka nao 3-3 Carlos Forbs akikimbia nyuma yao anavyotaka akafunga mbili, Chelsea wakapiga 3-0. Magrupu yakawaka, Flick ashushe laini. Hakushusha. Alichokuwa anakihangaikia mazoezini ni presha irudi kwanza, maana bila hiyo hata ukishusha laini mita ishirini yule mpigaji asiyesumbuliwa bado atakutafuta, tofauti ni kwamba sasa anakupata karibu na goli lako.